Nani aliondolewa kwenye picha ya nchi yetu? Kutoka Roma hadi Mikeno na Barumbu

BARUMBU, Tshopo – Mjini New York, katika jumba la makumbusho ya viumbe la Marekani, kuna dirisha kubwa la kioo. Nyuma ya kioo hicho unaonekana mteremko wa mlima Mikeno, Kivu ya Kaskazini. Gorila dume amesimama anajipiga kifua, familia yake iko karibu kati ya majani, na kwa mbali volkano zinafuka moshi. Ngozi za wanyama ni halisi. Majani ni ya kuiga, yametengenezwa kwa mkono mmoja mmoja. Lakini mlima, anga na ukungu ni rangi tu, iliyopakwa juu ya ukuta uliopinda.

Aliyechora mandhari hiyo ni Mmarekani William Robinson Leigh, aliyefika Kivu mwaka 1926. Tangu ukumbi huo ulipofunguliwa mwaka 1936, watu wengi wa Marekani wameijua nchi ya mashariki ya Kongo kwa mara ya kwanza mbele ya kioo hicho, wakiwa wameshikwa mkono na wazazi wao. Wanaona mlima, wanyama na anga. Mtu hawamwoni hata mmoja.

Mbali sana na Mikeno, upande wa magharibi, kwenye mto Kongo karibu na Basoko, wakaaji wa Barumbu hawana dirisha lao New York. Lakini nchi yao nayo ilichorwa na watu wa mbali, mwaka 1911, kwa mchoro mwepesi kuliko wa Leigh. Ilikuwa duara moja juu ya ramani, na Barumbu ikiwa katikati. Ndani ya duara hilo nako watu hawakuonekana.

Habari hii inahusu michoro hiyo miwili, mahali ilikotoka desturi ya kuchora namna hiyo, na kwa nini swali la nani anachora nchi bado lina uzito kwa mtu mwenye shamba, kaburi la babu yake na ngazi zake katika jimbo la Tshopo.

Desturi iliyokomaa Italia

Leigh hakuwa Mmarekani wa kwanza kusafiri na sanduku la rangi kwenda kuchora nchi ya watu wengine. Karibu miaka mia moja kabla yake, wachoraji wa Marekani walikuwa wanaelekea Italia. Thomas Cole, aliyezaliwa Uingereza na kuhamia Marekani akiwa kijana, alifika Italia mwaka 1831. Alichora uwanda mpana unaozunguka mji wa Roma, ambao Waitalia huuita Campagna, pamoja na magofu ya mfereji wa kale uliopitisha maji juu ya matao marefu ya mawe. Picha yake moja ya mfereji huo ni ya mwaka 1832. Mwaka 1843, baada ya safari ya pili, aliichora tena mandhari hiyo hiyo.

Mwingine, George Inness, alikwenda kukaa Italia mwaka 1870 na kubaki huko karibu miaka minne. Wafanyabiashara wa picha wa Boston walikuwa wanampa pesa kwa utaratibu, naye akiwatumia tablo za vilima, maziwa na misonobari ya Italia. Ilikuwa biashara kamili. Marekani ilikuwa taifa changa lenye matajiri wapya, na tajiri aliyetundika jua la jioni la Roma sebuleni kwake aliwaonyesha wageni kwamba amesoma na amesafiri.

Ukizitazama tablo za aina hiyo, utaona zinafanana. Mwanga ni wa dhahabu. Magofu yapo. Mchungaji mmoja yupo na mbuzi wachache, mdogo sana, amewekwa pembeni kama kipimo cha ukubwa wa uwanda. Kwingine kote ni kimya.

Kimya hicho kilikuwa na sababu, na kila mama wa Tshopo anaijua kwa jina. Neno malaria lenyewe ni la Kiitalia: mala aria, yaani hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu wa Italia waliamini kwamba homa inaletwa na hewa ya mabwawa. Uwanda wa Roma ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizojulikana sana kwa homa hiyo. Ardhi ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, na vibarua waliteremka kutoka milimani kuja kuvuna, wengi wakirudi na homa na wengine wasirudi kabisa. Ni mwaka 1898 tu ndipo mtaalamu wa Kiitalia Battista Grassi na wenzake walipoonyesha kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu.

Cole na Inness hawakudanganya. Jua la jioni la Roma lilikuwa zuri kweli, na matao yalikuwepo. Lakini walichagua. Mnunuzi wa Boston aliona utulivu mahali ambapo kibarua aliyekuwa akivuna ngano aliona homa na deni. Uwanda ulipungukiwa watu kwa sababu za ugonjwa na za umiliki wa ardhi, na picha ikaugeuza upungufu huo kuwa uzuri.

Leigh apanda Mikeno

William Leigh alizaliwa mwaka 1866 West Virginia. Alisomea uchoraji Munich, Ujerumani, na huko alipata pia kazi ya kuchora picha kubwa za mviringo, zile ambazo mtazamaji anasimama katikati akazungukwa na mandhari pande zote. Aliporudi Marekani alijulikana kwa kuchora majangwa na mabonde ya magharibi na watu asilia wa huko.

Aliyemleta Kivu ni Carl Akeley, mtaalamu wa kuhifadhi wanyama waliokufa ili waonekane kama wako hai. Akeley alifika Mikeno kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Alikuja kuwinda gorila kwa ajili ya jumba la New York, na aliwapata. Lakini aliondoka na wazo kwamba wanyama hao wataisha ikiwa kila jumba la Ulaya na Marekani litakuja kuchukua wa kwake. Akaanza kuwasihi Wabelgiji. Tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert wa Kwanza alitia sahihi amri iliyounda mbuga iliyopewa jina lake, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika. Ndiyo mbuga tunayoiita Virunga tangu mwaka 1969.

Mwaka 1926 Akeley alirudi, safari hii akiwa na wachoraji wawili, Leigh na Arthur Jansson. Fedha zilitoka kwa matajiri kama George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak ya kamera na filamu. Kazi ya wachoraji ilikuwa kwenda pale pale mnyama alipoishi, kuchora mlima, majani na rangi ya anga kama zilivyo, kisha kurudi New York na kuhamisha yote hayo juu ya ukuta mkubwa.

Akeley hakuiona kazi ikimalizika. Aliugua njiani, akafa tarehe 17 Novemba 1926 kwenye mteremko wa Mikeno, akazikwa Kabara, katika bonde la juu kati ya Mikeno na Karisimbi. Mjane wake Mary Jobe Akeley alibaki kuongoza kazi, na Leigh aliendelea kuchora katika baridi na ukungu wa mahali panapozidi mita 3,000 juu ya bahari. Miaka kumi baadaye ukumbi ulifunguliwa, ukapewa jina la Akeley. Leigh aliandika kitabu juu ya safari zake za Afrika, kikatoka mwaka 1938.

Mahema, masanduku ya rangi, vyakula na vifaa vya kutengenezea sanamu za majani havikupanda mlima vyenyewe. Vilibebwa mgongoni na kichwani na wapagazi wa nchi hii. Watu hao walijua njia, walijua maji yako wapi, walijua gorila wanalala upande gani. Jina la Akeley liko juu ya mlango, na jina la Leigh liko kwenye vitabu vya historia ya uchoraji wa Marekani. Wapagazi hawamo hata kama mchungaji mdogo wa Roma aliyewekwa pembeni.

Picha bila watu, mbuga bila watu

Si haki kusema kwamba rangi ya Leigh ndiyo iliyomfukuza mtu yeyote. Mbuga ilikuwepo kabla yeye hajafika. Lakini mchoraji na aliyeweka mipaka walitazama kwa jicho moja. Wote wawili waliona nchi nzuri ambayo ingekuwa nzuri zaidi ikiwa tupu.

Mbuga ya kwanza ilikuwa ndogo, kuzunguka volkano tu. Mwaka 1929 na tena mwaka 1935 ilipanuliwa sana, ikagusa ardhi ambayo watu walilima, walilisha ng'ombe, waliwinda na kuvua. Leo ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 7,800. Ugomvi juu ya mipaka hiyo haujaisha. Wakulima wa Rutshuru, Masisi na Beni wanaujua, na Wambuti na Watwa, ambao msitu ulikuwa nyumba yao, wanaujua zaidi. Ilichukua hadi tarehe 15 Julai 2022 ndipo Kongo ikapata sheria maalumu ya kulinda haki za Wapigme kama watu asilia.

Haki ipewe upande wa pili pia. Bila mbuga, huenda gorila wa Mikeno wangebaki kwenye kioo cha New York peke yake. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba gorila wa milimani wamepita 1,000, ukijumlisha Kongo, Rwanda na Uganda. Walinzi wengi wa Virunga, wana wa nchi hii, wameuawa wakiwa kazini. Wanastahili heshima ileile aliyopewa Akeley.

Hata hivyo, mtazamaji wa New York hawezi kuujua ugomvi huo kwa kutazama picha. Hawezi kujua kwamba chini ya volkano zile kuna Goma, mji wa watu wengi sana wanaopika kwa makala, na kwamba sehemu ya makala hayo hutoka ndani ya mbuga kwa sababu familia haina njia nyingine ya kupika. Hawezi kujua kwamba tangu mwisho wa mwaka 2021, vita vilipoanza tena, miteremko ile imeona familia zikikimbia na magodoro kichwani kuelekea Kanyaruchinya na Rusayo. Kwenye ukuta wa Leigh ni asubuhi tulivu siku zote.

Mto ulichorwa kwanza kama vita

Kwa upande wetu wa mto, picha ya kwanza iliyosambaa duniani haikuwa tulivu hata kidogo. Tarehe 1 Februari 1877, Henry Morton Stanley, aliyekuwa anatumwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la Uingereza, alifika mahali mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, pale ilipo Basoko leo. Watu wa mto walitoka kumzuia. Stanley aliandika kwamba alihesabu mitumbwi 54. Yeye na watu wake walijibu kwa bunduki.

Mwaka uliofuata, 1878, kitabu cha Stanley kilitoka London na New York kikiwa na michoro mingi. Mmoja ulionyesha vita vile vya Aruwimi: mitumbwi mirefu, mikuki hewani, manyoya vichwani. Hiyo ndiyo mandhari ya Basoko na jirani zake iliyoingia nyumba za Ulaya na Marekani, katika miaka ile ile ambayo tablo za Italia zilikuwa zinauzwa Boston.

Kwa hiyo mtu wa mto alionekana mara moja, kama adui, ndani ya picha ya vita. Baada ya hapo akaanza kutoweka.

Duara la Barumbu

Kutoweka huko kulikuwa na sheria yake. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold wa Pili ulitoa amri kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya Serikali. Kwa masikio ya leo inaweza kuonekana amri ya kawaida. Swali ni nani aliyeamua kwamba ardhi fulani haina mtu. Kwa jicho la ofisa, ardhi yenye mtu ilikuwa nyumba na shamba lililolimwa mwaka huo. Msitu uliopumzishwa ili urudishe nguvu, kijito cha kuvulia, mahali kijiji kilipokuwa zamani na ambapo mababu wamezikwa, kichaka cha ngazi ambacho ukoo fulani peke yake ndio uliokuwa na haki ya kukikata, vyote viliandikwa kuwa ardhi tupu.

Tarehe 14 Aprili 1911 Ubelgiji ulitia sahihi mkataba na William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza. Alihitaji mawese. Kampuni yake mpya, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 ndani ya maduara matano. Vitovu vya maduara hayo vilikuwa Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Kila duara lilikuwa na nusu kipenyo cha kilomita 60.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Weka ncha ya bikari, ile ambayo shuleni tunaiita kompa, juu ya Barumbu. Fungua kilomita 60. Zungusha. Unapata zaidi ya kilomita za mraba 11,300, yaani hekta zaidi ya milioni moja. Bikari haiulizi kijiji hiki ni cha nani. Inavuka mto, inavuka msitu, inakata ardhi ya ukoo katikati, inarudi ilipoanzia. Ramani haikuonyesha mchungaji hata pembeni.

Kitovu kikuu cha kampuni katika duara hili kiliitwa Elisabetha, kwa jina la malkia wa Wabelgiji. Leo ni Lokutu. Ndani ya maduara, watu waliokuwa wakikata ngazi zao na kuuza mafuta walipotaka walijikuta wanakata kwa ajili ya kampuni, kwa bei isiyopangwa nao. Barumbu yenyewe baadaye ilijulikana pia kwa kituo cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933 na iliyokuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi.

Sabuni ilinunua picha

Kuna jambo lingine juu ya Lever ambalo wachache hapa wanalijua. Mtu aliyepata duara la Barumbu alikuwa pia mnunuzi mkubwa wa tablo. Mwanzoni alizinunua ili kuuzia sabuni. Mwaka 1889 alinunua picha ya William Powell Frith ya msichana mdogo anayeonyesha nguo yake mpya, akaitumia kutangaza sabuni ya Sunlight. Baadaye akanunua kwa mapenzi na kwa fahari: tablo za Kiingereza, samani, vyombo vya kauri vya China. Mwaka 1922 jumba lake la sanaa lilifunguliwa Port Sunlight, kijiji alichowajengea wafanyakazi wake karibu na Liverpool, kwa kumbukumbu ya mke wake. Bado liko wazi.

Lever alikuwa tajiri kabla ya kufika Kongo, na si kila tablo ya Port Sunlight ilinunuliwa kwa jasho la Tshopo. Lakini mawese ya hapa yaliingia katika sabuni ileile iliyolipa majumba yale. Wafanyakazi wa Port Sunlight walijengewa nyumba nzuri, bustani na jumba la picha. Mkata ngazi wa duara la Barumbu hakuingia katika picha wala katika jumba.

Mwaka ule ule, Bukama

Kuna tarehe moja inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1926, Leigh alipokuwa Mikeno, ofisa mmoja Mbelgiji, Georges Thiry, aliona Bukama, Katanga, nyumba zilizochorwa kutani. Aliwatafuta wachoraji, akampa Albert Lubaki, aliyekuwa fundi wa kuchonga pembe, karatasi na rangi za maji. Lubaki na mke wake Antoinette walichora kile walichokiona: wanyama, miti, na watu. Watu wakitembea, wakiwinda, wakisafiri. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels.

Nchi ilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja. Mmarekani alipanda mlima akachora mandhari bila mtu, na Mkongomani alichora mandhari isiyokuwa na maana bila mtu.

Desturi hiyo haikufa. Lubumbashi, miaka ya 1970, mafundi wa rangi waliuza tablo kwa wafanyakazi wa migodi na watumishi wa ofisi, tablo za kutundika sebuleni kama zile za Boston. Ziliitwa kwa Kifaransa paysage, lakini mara nyingi zilikuwa na nyumba, mtumbwi, mwanamke anayetwanga, moshi wa jioni. Nyingine zilionyesha kolonia: mfungwa anapigwa fimbo, ofisa anatazama, wanawake wanaleta chakula. Watafiti Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walipouliza kwa nini watu wananunua, walisikia neno moja la Kiswahili likirudi: ukumbusho. Tablo ilimfanya mtu akumbuke, na kukumbuka kulimfanya aseme.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi. Alichora historia yote ya nchi katika tablo karibu 100 na kuzieleza kwa Fabian moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Katanga. Maelezo yake yalitoka katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tablo zake zile ziko Uholanzi. Hata mchoraji aliyewarudisha watu kwenye picha, picha zake hazikubaki nyumbani.

Leo nani anachora Tshopo?

Mchoro wa 1911 haukubaki katika vitabu. Mwaka 2009 kampuni ya kimataifa ya Unilever iliuza mashamba yake ya mawese ya Kongo kwa kampuni ya Feronia, iliyosaidiwa na mabenki ya maendeleo ya Ulaya. Lokutu, Yaligimba na Boteka kwa pamoja yalihesabiwa zaidi ya hekta 100,000. Novemba 2018, jamii kadhaa za karibu na mashamba hayo zilipeleka malalamiko kwenye ofisi ya malalamiko ya benki ya Ujerumani DEG, zikisema ardhi ya mababu ilichukuliwa wakati wa ukoloni bila ruhusa yao. Kampuni ilishikilia kwamba hati zake ni halali. Mwaka 2020 Feronia ilifilisika na mashamba yakapata wenye mali wapya. Malalamiko ya wakaaji hayakufilisika pamoja nayo.

Mkaaji anayekwenda kudai ardhi ofisini anaulizwa swali lile lile: onyesha kwenye ramani. Ramani aliyo nayo serikali ilizaliwa na bikari ya Lever. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Taifa, na mwenye kijiji anabaki na neno la mdomo dhidi ya karatasi yenye muhuri.

Kuna mlango mmoja uliofunguka. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii za vijiji kupewa msitu wao, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Ukilinganisha na duara la Barumbu ni kidogo: duara moja lingemeza misitu kama hiyo 22. Lakini namna ya kuupata ni tofauti kabisa. Jamii yenyewe inapaswa kuchora. Wazee, wanawake na vijana wanatembea msituni na majirani wa kijiji cha pili, wanakubaliana mpaka uko wapi, wanaweka alama: hapa makaburi, hapa kijiji cha zamani, hapa kijito cha kuvulia, hapa viwavi, hapa ngazi za ukoo fulani. Ramani inajaa vitu vile vile ambavyo mwaka 1885 viliitwa ardhi tupu.

Kazi hiyo ina gharama na ina hatari zake. Mashine za kupima mahali zinahitaji pesa, majirani wanaweza kugombana, na mjanja mmoja anaweza kuandika jina lake peke yake mahali pa jina la wote. Chifu anaweza kutia sahihi kabla akina mama hawajasema wanakochota maji na kukata kuni. Ndiyo sababu wakaaji wanapaswa kuhudhuria kila mkutano wa ramani na kuitazama karatasi kabla haijapelekwa Kisangani. Kitu kisichochorwa siku hiyo kitakuwa kigumu kudaiwa miaka ishirini baadaye.

Vijana wenye kipaji cha kuchora, wa Barumbu, Basoko, Isangi na Kisangani, wana kazi hapo pia. Mto unachorwa sana kwa ajili ya wageni: machweo, mtumbwi mmoja, mvuvi Mwagenia akiwa kivuli tu mbele ya maporomoko. Tablo hizo zinauzwa, na fundi lazima ale. Lakini bado haijachorwa vya kutosha bandari yenye watu, balenyeri iliyojaa magunia, mama anayekamua mawese, mkutano wa kijiji chini ya mti. Akeley alihitaji Leigh ili New York iujue Mikeno. Barumbu inahitaji mtu wa Barumbu ili Kinshasa, kabla ya New York, ijue kwamba duara lile lilikuwa na watu tangu mwanzo.